Siku tatu Yogyakarta: anza na hekalu dogo

Ukimwambia wakala wa safari unataka kuona mahekalu ya kale ya kisiwa cha Java, Indonesia, atakupangia Borobudur na Prambanan kwa siku moja: asubuhi huku, jioni kule, na katikati chakula na duka la vitambaa. Usikubali. Borobudur, la Mabudha, liko kilomita kama 40 kaskazini-magharibi mwa mji wa Yogyakarta. Prambanan, la Wahindu, liko kilomita kama 17 mashariki. Siku yako itaishia barabarani, na utakachorudi nacho ni picha za ngazi. Tenga siku tatu: mbili za mahekalu, moja ya mji.

Mimi ni muuza leso na vitenge Mombasa, na Java nilifuata batiki. Nayasema haya mapema ili ujue jicho langu linatazama nini. Mwanahistoria atakuonyesha wafalme. Mimi nitakuonyesha nani kavaa nini, na kwenye mahekalu haya mavazi yanasema mengi.

Kabla hujapanda ndege

Kutoka kwetu utapitia Ghuba, Doha au Dubai, mpaka Jakarta, kisha ndege ya ndani ya saa moja na kidogo. Uwanja mpya wa Yogyakarta, wenye alama YIA kwenye tiketi, uko mbali na mji, zaidi ya kilomita 40. Usikimbilie teksi. Kuna treni inayoondoka hapo hapo uwanjani na kukufikisha stesheni ya Tugu, katikati ya mji, kwa dakika kama 40. Kama huna haraka, panda treni kutoka Jakarta yenyewe: ni safari ya mchana kutwa, lakini utapita kando ya mashamba ya mpunga.

Kuhusu viza, soma tovuti ya uhamiaji ya Indonesia kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu orodha ya nchi zinazopewa viza uwanjani hubadilika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti. Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua ni nyingi na mawe yanateleza. Joto hutalishangaa wewe wa pwani.

Jambo la kufanya mapema kuliko yote ni tiketi ya Borobudur. Ziko aina mbili: ya kuingia uwanjani tu, ukalitazama jengo kwa chini, na ya kupanda. Ukienda mbali kiasi hicho usinunue ya uwanjani. Wanaoruhusiwa kupanda wamewekewa kikomo kwa siku, kila kundi na saa yake, na Jumatatu hakuna kupanda. Nunua mtandaoni, chagua saa ya asubuhi. Mara ya mwisho nilipotazama, mgeni mtu mzima alilipa rupia 455,000 kupanda. Sufuri zisikutishe, chakula cha mchana cha kushiba utakilipia noti ndogo.

Je, Mwislamu aende?

Shangazi yangu aliniuliza dukani, mbele ya wateja, kama ndiyo nimeamua kwenda kutazama masanamu. Swali lake lina haki yake, na wengi wanaliuliza kimoyomoyo. Watu wa Java wengi wao ni Waislamu. Dereva aliyenipeleka ni Mwislamu, kiongozi wetu pale juu naye hivyo hivyo, na pa kuswalia pako ndani ya uwanja wa mahekalu. Hakuna atakayekutaka uiname au uwashe ubani. Sisi wa Mombasa tumekua na mahekalu ya Kihindu mtaani, tunajua kuvua viatu mlangoni pa jirani na kushusha sauti.

Heshima lakini iwepo. Kwa Mabudha, Borobudur si magofu. Kila mwaka kwenye mwezi mpevu wa Mei au karibu yake, siku ya Waisak, watawa na waumini hutembea kwa maandamano kutoka hekalu la Mendut mpaka Borobudur. Ukikuta mtu anaomba, zunguka nyuma yake. Vaa nguo za kufunika magoti na mabega. Leso moja mkobani inatosha kuwa mtandio, kitambaa cha jasho na pa kukalia.

Siku ya kwanza: Mendut, halafu Borobudur

Kodi gari na dereva kwa siku nzima. Basi lipo, ila halitakungoja Mendut, na Mendut ndiyo siri ya siku hii. Ondoka mara baada ya kuswali alfajiri.

Mendut liko kilomita kama tatu mashariki ya Borobudur, barabarani kabisa. Ni jengo moja lenye chumba kimoja. Sababu ya kuanzia hapa ni hii: Borobudur utapewa saa moja hivi pamoja na kundi, na nakshi zake ni maelfu. Asiyejua anatafuta nini ataimaliza saa hiyo akipepesa macho. Mendut hakuna anayekuhimiza, na sanamu ni tatu tu.

Ingia, simama, ngoja macho yazoee giza. Katikati amekaa Budha, urefu wa mita kama tatu, jiwe moja. Hakukunja miguu kama tunavyomzoea kwenye picha. Ameishusha chini kama mtu aliyekaa kitini, na mikono ameileta kifuani, vidole vikigusana, ishara ya kufundisha. Mtazame alichovaa. Ni shuka moja nyepesi, ambayo mchongaji ameionyesha kwa ukingo wake tu. Sasa geukia wawili walio ubavuni, Lokeshvara na Vajrapani. Hao wana taji, mikufu, vikuku, mishipi yenye vito. Hao ni mabodhisatva, waliokwisha kukaribia kabisa kuwa Mabudha lakini wamebaki duniani kusaidia wengine. Basi somo la kwanza umelipata bure: mwenye mapambo bado yuko nasi, asiye na pambo ameyaacha ya dunia. Lishike hilo, utalitumia baada ya saa moja.

Ukiingia na ukitoka, angalia kuta za ukumbini. Upande mmoja kuna Hariti, mama aliyezungukwa na watoto wengi chini ya miti. Hadithi yake inasema alikuwa jitu la kike linalokula watoto wa watu, akaongoka, akawa mlinzi wao. Na kwenye ngazi za nje kuna visa vya wanyama, vidogo, watu hupita bila kuviona. Tafuta kobe anayebebwa na ndege wawili, ameuma kijiti. Watoto chini wanamcheka, kobe akafungua mdomo kuwajibu. Mdomo uliponza kichwa, na hapo jiweni imechongwa miaka kama 1,200 iliyopita.

Njiani kuna hekalu jingine, Pawon, dogo zaidi. Dakika kumi zinatosha. Mendut, Pawon na Borobudur yamepangwa karibu katika mstari mmoja, na hilo utaliamini zaidi ukilitazama kwenye ramani ya simu.

Sasa Borobudur. Usitegemee kuingia ndani, kwa sababu halina ndani: ni kilima kilichovikwa mawe. Watawala wa ukoo wa Sailendra walilijenga kati ya karne ya 8 na ya 9. Chini kuna majukwaa sita ya pembe nne, juu matatu ya duara, na kileleni kuba kubwa. Mlangoni utapewa kandambili za kusukwa kwa majani ya jamii ya mkadi, ziitwazo upanat. Zinatolewa kwa sababu viatu vya wageni vilikuwa vinayala mawe ya ngazi. Ukimaliza ni zako, na nyumbani zinafaa.

Anzia ngazi ya mashariki, kisha pinda kushoto, jengo lote likae mkono wako wa kulia. Ndivyo wanavyozunguka wenyewe, kinyume na tawafu yetu, na ndivyo hadithi zilivyopangwa. Hapa ndipo pa kuwa mkaidi kidogo. Viongozi wengi hupenda kulipandisha kundi moja kwa moja juu, penye picha nzuri. Mwambie wako kwa upole, mapema, mkiwa bado chini: "Naomba korido ya kwanza kwanza." Wangu alicheka, akasema ni nadra kuombwa hivyo, akatuzungusha.

Kwenye korido hiyo, ukuta mkuu, safu ya juu, kuna picha 120 za maisha ya Budha. Malkia Maya, mama yake, analala na kuota ndovu mweupe. Anapanda gari kwenda Lumbini kujifungua. Mwana wa mfalme anakua amejaa vito shingoni na mikononi. Halafu inakuja picha anayojikata nywele zake mwenyewe. Kuanzia hapo mtafute: hana taji, hana mkufu, ni ile shuka nyepesi uliyoiona Mendut. Katikati ya umati wa watu waliochongwa utamtambua mara moja bila kusoma kibao chochote, mpaka picha ya mwisho anapotoa hotuba yake ya kwanza.

Kabla hujapanda ngazi inayofuata, muulize kiongozi merikebu iko wapi. Ziko kadhaa, lakini moja ndiyo maarufu: ina matanga, mabaharia wanavuta kamba, na ubavuni ina miti ya kuizuia isipinduke, jambo ambalo mtu wa ngalawa atalitambua akiwa mbali. Merikebu ya namna hiyo iliundwa upya, ikaitwa Samudra Raksa, ikang'oa nanga Jakarta Agosti 2003, ikapita Ushelisheli na Madagaska, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikafika Accra Februari 2004. Sasa imewekwa makumbusho palepale uwanjani. Wenzako wakikimbilia soko la vinyago, wewe nenda huko. Watu wa visiwa vile waliihamia Madagaska zamani sana, lugha ya Kimalagasi bado inashuhudia, na bahari waliyoivuka ni hii hii ya kwetu.

Ukipotea upande, tazama mikono ya Mabudha waliokaa kwenye vibanda vya ukutani. Mashariki mkono wa kulia unagusa ardhi. Kusini kiganja kimefunguliwa kama anayetoa. Magharibi mikono yote imelala pajani. Kaskazini kiganja kimeinuliwa, kumwambia mtu asiogope. Sanamu zote kwa jumla ni 504, na zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi hazina vichwa. Nyingine zilichukuliwa zamani: mwaka 1896 mfalme Chulalongkorn wa Siam alizuru, akaondoka na mikokoteni minane ya mawe ya kuchongwa, kwa ruhusa ya Waholanzi.

Kisha unatokea juu, na mambo yanabadilika ghafla. Korido zilikuwa nyembamba, zimejaa watu wa mawe, kila kona hadithi. Kwenye majukwaa ya duara hakuna picha hata moja. Ni makuba 72 yenye matundu, ndani ya kila moja Budha amekaa, na pande zote milima. Wajenzi walikusudia hivyo: chini ni tamaa, katikati ni maumbo, juu maumbo yenyewe yanaisha. Watu zamani waliingiza mkono matunduni kugusa sanamu kwa kutafuta bahati. Sasa ni marufuku, na hata kuegemea kuba walinzi watakupigia filimbi.

Ukishuka, pitia kona ya kusini-mashariki, chini kabisa. Kuna picha 160 zilizofunikwa na ukuta wa mawe tangu zamani, labda kulizuia jengo lisiporomoke. Ziligunduliwa mwaka 1885, na Kassian Cephas, mpiga picha Mjava, akazipiga kabla hazijafunikwa tena. Kona hiyo moja imeachwa wazi. Zinaonyesha matendo na malipo yake: wasengenyaji, wachinjaji, na moto unaowangoja.

Ukimsikia mtu akisema Raffles "aligundua" Borobudur mwaka 1814, mwache aseme. Raffles alikuwa gavana wa Kiingereza, alisikia habari kwa wenyeji, akamtuma mhandisi wa Kiholanzi kufyeka msitu. Matengenezo makubwa yalikuja baadaye, ya Theodoor van Erp kuanzia 1907 mpaka 1911, na ya serikali ya Indonesia na UNESCO yaliyokamilika mwaka 1983. Adui alikuwa maji: mvua ilikuwa inazama ndani ya kilima na kuzisukuma kuta, kwa hiyo mawe yalibomolewa, yakasafishwa, mifereji ikafichwa ndani, yakarudishwa. Miaka miwili baadaye, Januari 1985, mabomu yakaharibu makuba tisa. Mwaka 2010 mlima Merapi ukalimwagia majivu, na ikabidi lisafishwe kwa mikono.

Siku ya pili: Prambanan, na usiishie Prambanan

Leo dereva humhitaji. Panda treni ya abiria ya Solo, rupia 8,000, ushuke stesheni ya Brambanan, kisha utembee au ukodi becak, baiskeli ya magurudumu matatu yenye kiti cha abiria mbele. Fika mapema, mawe ya Prambanan ni meusi na saa sita yanachoma.

Haya yalikuwa mahekalu 240. Makubwa matatu katikati ni ya miungu Brahma, Shiva na Vishnu, na lile la Shiva lina urefu wa mita 47. Utakayoona yamesimama ni machache, mengine ni malundo ya mawe, kwa sababu wakarabati walishikilia kwamba hekalu lisiinuliwe kama mawe yake mengi ya asili hayapatikani. Naona walifanya vyema. La Shiva lilikamilika mwaka 1953, la Brahma 1987, la Vishnu 1991. Tetemeko la Mei 2006 likayatikisa tena.

Panda ngazi ya mashariki ya Shiva, pinda kushoto kama jana. Tofauti ni kwamba hadithi hapa haiko kwenye ukuta wa hekalu. Iko mkono wako wa kushoto, upande wa ndani wa kizuizi cha baraza, na wageni wengi huipa mgongo wakipiga picha. Ni Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu: Sita, mke wa Rama, anatekwa na jitu Ravana, ndege Jatayu anajaribu kumwokoa, Rama anawapata nyani. Ukimaliza mzunguko hadithi haijaisha. Shuka, nenda hekalu la Brahma lililo kusini, inaendelea. Jicho la fundi litapata zaidi: kwenye kuta za mahekalu haya limechongwa ua la kawung, yale mayai manne yanayokutana katikati, ambalo mpaka leo linauzwa kwenye batiki sokoni.

Vyumba vya Shiva ni vinne na ni vya giza, washa taa ya simu. Mashariki ni Shiva mwenyewe, kusini mzee Agastya mwenye ndevu, magharibi Ganesha mwenye kichwa cha ndovu, kaskazini Durga. Wenyeji wanamwita huyu wa mwisho Loro Jonggrang. Alikuwa binti mfalme, akaposwa na mwanamume aliyemuulia baba yake. Akamwambia: nijengee mahekalu elfu kwa usiku mmoja. Jamaa akaita majini, kazi ikakaribia kwisha. Binti akawaamsha wanawake wa kijiji watwange mpunga na kuwasha moto upande wa mashariki, majogoo wakadhani kumekucha wakawika, majini wakakimbia. Limebaki moja. Mwanamume akamlaani, akawa jiwe, naye akatimiza idadi. Mimi niko upande wa binti, na kiongozi wa watoto wa shule aliyekuwa karibu nami alionekana yuko upande huo pia.

Watu wengi hurudi hapo. Wewe shika njia ya kaskazini ndani ya uwanja huo huo, tiketi ile ile, mita kama 800. Utapita Lumbung na Bubrah, utafika Sewu, na kwa muda utakuwa karibu peke yako. Sewu ni la Mabudha na lilikuwepo kabla Prambanan halijajengwa. Jiwe lenye maandishi ya mwaka 792 linalitaja. Milangoni wamepiga goti walinzi wawili wawili, majitu yenye rungu na macho ya kutoka nje, lakini matumbo ya wapishi. Kwamba Wahindu walikuja kujenga Prambanan mbele ya mlango wa Sewu wala hawakulibomoa, ni jambo la kulifikiria ukiwa umekaa kwenye leso yako chini ya mti.

Alasiri nenda Plaosan, kilomita moja hivi kutoka Sewu, penye mahekalu mawili pacha kati ya mashamba ya mpunga. Kiingilio ni kidogo, watu ni wachache. Kama una nguvu ya usiku, kuna ngoma ya Ramayana inayochezwa tangu mwaka 1961, miezi ya kiangazi uwanja wa wazi, mahekalu yakiwa yamewashiwa taa nyuma. Hakuna mazungumzo, ni kucheza na magoma ya shaba, na kwa kuwa hadithi umeisoma mchana ukutani, hutauliza huyu nani.

Siku ya tatu: mji

Asubuhi pitia makumbusho ya Sonobudoyo karibu na ikulu ya sultani, kisha soko la Beringharjo. Kitambaa kigeuze. Kilichopigwa chapa kiwandani kimepauka upande wa nyuma. Batiki ya nta iliyochorwa kwa mkono inafanana pande zote, na mistari yake haikunyooka sawasawa. Hiyo ndiyo ghali. Vitenge vya waksi ninavyouza mimi vilitokana na Waholanzi kuiga batiki hii kwa mashine karne ya 19, kwa hiyo bei ya babu mtu usiipunje sana. Mchana kula gudeg, fenesi bichi lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi mpaka likawa la rangi ya kahawia. Ni tamu kuliko tulivyozoea, agiza pilipili pembeni.

Na kama siku yako ya kwanza imeangukia Jumatatu, geuza ratiba: Prambanan na Sewu kwanza, Mendut na Borobudur Jumanne.